Laptopu Iliyovaa Sweta

Vijana mliobaki kwenye meza yangu pale Nyakahanga mmeniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya ufundi. Nimewaelewa. Tangu niwakabidhi funguo nimekuwa nikija kila asubuhi kuwachungulia mabegani, na mmeona dawa yangu ni kunipa daftari nikae nyumbani. Haya, nimekaa. Habari za vyeo sitaandika, maana katika karakana ya watu wawili cheo ni kumiliki kiti chenye mgongo, na kile kiti nilikinunua mwenyewe.

Nilianza kwa Mzee Byarugaba, fundi wa redio na taipureta pale Kayanga. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, nikitegemea kuonyeshwa siri za umeme. Akanipa redio nzima isiyo na kasoro yoyote, akaniambia niifungue kisha niifunge. Nikafungua, nikafunga, skrubu mbili zikabaki mkononi. Akasema, "Hizo hatukupewa zawadi. Fungua tena." Nilifungua na kufunga redio ile mwezi mzima, mpaka siku moja ikanyamaza yenyewe. Sasa, akasema mzee, umepata redio mbovu ya kujifunzia.

Mzee Byarugaba alikuwa na bisibisi moja yenye mpini aliouchonga kwa tawi la mbuni, brashi ya rangi iliyokatwa fupi, na swali moja. Hakuwa anamwuliza mteja chombo kinaumwa nini. Alikuwa anauliza, "Mnaishi nacho vipi?" Kinakaa wapi, nani anakigusa, kinafunikwa na nini. Mteja mmoja alidhani anaulizwa habari za mkewe, akaeleza yote bila kuacha hata siku ya Krismasi. Redio yake haikupona, lakini tulikunywa chai ya siku ile kwa raha sana.

Kompyuta zilipoingia wilayani kwetu nilikuwa nimeshajitegemea hapa Nyakahanga, jirani na mashine ya kusaga. Zile za kwanza zilikuwa za mezani, zenye tumbo. Nilizipenda. Ndani yake kulikuwa na nafasi ya kuingiza mkono mzima na bado ukapita upepo. Katika ofisi ya shule moja nilikuta panya amezalia humo, na kompyuta ilikuwa inafanya kazi zake bila ugomvi wowote.

Halafu zikaja hizi nyembamba. Mtu anakuja ameishika kwa vidole viwili, ameibana kwapani na gazeti, anajisifu haina uzito. Haina uzito kwa sababu haina nafasi, ndugu yangu. Feni yake ni ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda, bomba la shaba la kuondoa joto limebapa, na matundu ya kuvutia hewa yamewekwa chini, tumboni, mahali ambapo binadamu lazima ataziba. Wakubwa wa lugha wakaongeza matatizo kwa kuiita kompyuta mpakato. Watu wakasikia, wakaipakata, juu ya kanga, juu ya blanketi, mwingine juu ya mtoto aliyelala.

Ikizibwa pumzi hailalamiki mara moja. Kwanza prosesa inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mteja anaona maandishi yanachelewa, anasema ina virusi. Baadaye feni inaanza kulia, anasema ni ya kichina. Mwisho inajizima, na hapo anakuja kwangu akisema, "Fundi, inachemsha." Dawa zenyewe mnazijua: kufungua, kufagia vumbi, kupangusa pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya kiasi cha punje ya maharage. Nasema punje moja. Kijana mmoja aliyejifunza kwangu alikuwa anapaka kama siagi kwenye mkate, na sasa namsikia ni mwokaji.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Karani mmoja alikuja kutoka Nkwenda, Kyerwa, na laptopu iliyokuwa inanguruma kuliko mashine ya jirani yangu. Nilipoifungua nikakuta feni imejaa mabawa na miguu ya senene, wale panzi tunaowakaanga na kula. Ulikuwa msimu wao, na bwana huyu alikuwa na desturi ya kunyonyoa senene huku anatazama filamu, bakuli kulia, laptopu kushoto. Aliapa mbele ya Mungu hajawahi kula karibu nayo. Nikamwambia ni kweli, wewe ulikula nyama, yeye ukampa mabawa. Mwalimu mmoja wa Chonyonyo naye aligundua kwamba shina la mgomba lina ubaridi mzuri, akawa anakata kipande kila asubuhi na kuiweka laptopu juu yake. Utomvu ulipanda kwenye matundu ukakauka mweusi. Nilikwangua siku mbili, na mwalimu alikuwa anasimama pembeni akinieleza kwamba kisayansi wazo lake lilikuwa sahihi.

Hizo zote nilizimaliza nikicheka. Iliyonitoa jasho ni moja, ya nyumba moja kule Igurwa, na nimewaandikieni yote haya ili nifike hapo.

Binti aliitwa Kemilembe. Alikuwa amemaliza chuo cha kilimo, amerudi kwa mama yake, anatafuta kazi. Alikuja kwangu Jumatatu moja na laptopu nyembamba ya rangi ya fedha, akanisalimia vizuri, akasema inajizima kila baada ya robo saa. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi katika shirika linalohudumia wakulima wa kahawa, na usaili ungefanyika mtandaoni wiki mbili mbele, saa nzima, huku akiwaonyesha wasaili michoro aliyoiandaa. Nikafungua, nikafagia, nikabadilisha pesti, nikaiwasha mezani kwangu kutwa nzima. Haikuzima hata mara moja.

Siku ya nne akarudi. Imezima tena, mara tatu. Nikaiwasha mbele yake, tukaitazama kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Haikuchemka. Nikabadilisha feni, nikamrudishia.

Mara ya tatu hakuja peke yake. Alikuja na mama yake, mama wa makamo aliyenizidi miaka michache, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini marahaba ile ya kumkatia mtu njia. Akasema, "Fundi, mimi sijasoma. Lakini ng'ombe akienda kwako ananyonyesha, akirudi kwangu hana maziwa, mimi nitauliza maziwa yamebaki wapi."

"Mama, sijatoa kitu. Hapa inafanya kazi. Iangalie."

"Hapa inafanya kazi kwa sababu vitu vyake viko hapa," akasema, na alilisema mlangoni, siku ya soko, mbele ya waendesha bodaboda sita na mwanamke anayeuza parachichi.

Ninyi mnajua maana yake. Fundi hana kingine zaidi ya jina. Mteja hajui mle ndani mna nini, anakuachia chombo chake na kwenda zake kwa kukuamini tu. Kabla wiki haijaisha, habari kwamba Fundi Rwiza anatoa vifaa vizuri na kurudisha vibovu ilikuwa imefika Kayanga na kurudi. Mama yule alikuwa na ndugu katika usharika wetu wa Kilutheri, na siku moja baada ya ibada aliwaeleza kinamama nje ya kanisa, akihesabu kwa vidole. Wateja waliobaki wakaanza kukaa kwenye benchi kunitazama ninapofungua. Mmoja alipaka rangi ya kucha kwenye kila skrubu ili ajue kama nimeigusa. Kiongozi wa kwaya alileta kinanda kwa matengenezo, akaja na shahidi. Niliumia, nawaambia kweli. Miaka yote ile sijawahi kuchukua hata skrubu ya mtu, na sasa nilikuwa nasalimiwa na watu huku wameshika mifuko yao.

Nilimwambia Kemilembe nimwazime laptopu yangu kwa usaili, mama akakataa, hataki kompyuta ya mwizi nyumbani kwake. Nikamwambia basi afanyie karakanani, lakini mashine ya kusaga ingemfanya aonekane anaomba kazi kutoka vitani. Siku moja kabla ya usaili akapiga simu, anakaribia kulia. "Baba, imezima tena. Dakika kumi na tatu."

Hapo ndipo nilipokumbuka, kwa aibu kubwa, kwamba nimeletewa ile laptopu mara tatu na sijauliza hata mara moja wanaishi nayo vipi. Nikachukua mkoba, nikapanda bodaboda kwenda Igurwa.

Nyumba ilikuwa safi, katikati ya migomba na mibuni, na sebuleni kila kitu kilikuwa kimevaa. Redio ilikuwa na kitambaa cha kufuma, televisheni ina kitambaa chenye maua, chupa ya chai ina sketi. Hata rimoti ilikuwa ndani ya soksi ndogo ya njano. Mama alikuwa jikoni nyuma. Nikamwambia Kemilembe anionyeshe laptopu ilivyo, akaingia chumbani, akaitoa.

Ilikuwa imevaa sweta. La buluu, sufu nzito, limefumwa kwa vipimo vyake hasa. Tumbo lote limefunikwa, ubavu umefunikwa, nyuma inapotokea hewa moto kumewekwa mkunjo wa ziada kwa ajili ya urembo, na ukingoni kuna maua mekundu. Vitufe tu na kioo ndivyo vilivyoachwa wazi. Niligusa chini yake nikaondoa mkono haraka. Ndizi zilizofunikwa majani jikoni zilikuwa na nafuu.

"Kwa nini hukuniletea ikiwa hivi?" nikauliza.

"Mama anaivua kila nikija kwako. Anasema karakanani kuna mafuta, nguo itachafuka."

"Kemilembe, hii ndiyo inayoizima."

Nilimwona anaelewa palepale. Alikaa chini. "Baba, nakuomba usimwambie," akasema kwa sauti ya chini. "Hilo ni sweta la marehemu baba. Mama alilifumua, akafuma upya wiki tatu na macho yake yale. Alisema kompyuta ya mtu aliyesoma isikae uchi."

Mimi si mtu wa machozi, lakini nilitazama pembeni kidogo. Mama akaingia na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, akauliza nimeona nini. Nilikuwa na jibu la kweli, jibu la kulirudisha jina langu lote, ndugu zangu, lipo kwenye ulimi. Nikamtazama yeye, nikalitazama lile sweta, nikasema, "Mama, nimekosea mimi. Kuna kifaa sikukikaza."

"Nilijua," akasema mama, na akarudi kwenye ndizi zake.

Nikajifanya nakaza. Kisha nikamweleza kwamba kesho, kwa ajili ya usaili, laptopu itakaa bila nguo, maana wakubwa wa mtandaoni hawapendi mapambo. Hakupendezwa. Nikaomba pia ngata mbili, ile mviringo ya kitambaa tunayoweka kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Akauliza laptopu inajitwika nini. Nikasema ni utaratibu wa mitambo. Akazifunga mwenyewe kwa kanga kuukuu, nzuri, imara, na nikaiweka laptopu juu yake, tumbo likapata hewa. Bado sijaona kifaa cha dukani kinachoishinda ngata, na msinicheke. Nilipotaka kuondoka mama akasema kesho lazima mimi niwepo hapa, ikizima nizime nayo.

Kesho yake saa nne asubuhi Kemilembe alikaa mezani na blauzi nyeupe. Mimi na mama tuliketi kwenye benchi upande wa pili, nyuma ya kioo, tusionekane. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha na kulikuwa na baridi ya Karagwe, ile inayoingia mikononi. Wasaili walikuwa watatu, wanaongea Kiswahili cha ofisini, na binti aliwajibu vizuri sana: mnyauko wa migomba, mbolea, kahawa ya kuanikwa kwenye vichanja. Dakika kumi na tatu zikapita, dakika ishirini zikapita. Nikaanza kupumua.

Kisha mama akaniegemea sikioni. "Inatetemeka," akasema. Ilikuwa feni tu. Kabla sijamjibu alikuwa ameinuka taratibu kwa unyenyekevu wa kanisani, ametoa lile sweta chini ya kanga yake, na ameifunika laptopu kwa nyuma, palepale kwenye hewa moto, kisha akalipenyeza chini kati ya ngata. Akakaa. Alikuwa ameridhika kabisa.

Feni ikapandisha sauti. Nilimtazama Kemilembe naye akanitazama. Sauti za wasaili zikaanza kukatika, picha zikawa zinaganda midomo wazi. Nilipaswa kunyoosha mkono nikalivute lile sweta. Ni hatua moja. Sikuthubutu, mkono wangu ulikaa gotini kama wa mtu mwingine.

Ndipo mwanamke mmoja pale kwenye kioo akauliza: "Kazi hii ni ya kuwashauri wakulima waliokuzidi umri. Tueleze namna unavyomwambia mzee kwamba anachokifanya kwa nia njema kinaharibu, bila kumvunjia heshima."

Feni ilikuwa inalia. Kemilembe akainua macho juu ya kioo. "Naomba niwajibu kwa vitendo," akasema. Akatumia neno letu la heshima: "Mama, waitu. Hilo sweta ni zuri kuliko kitu chochote nilichonacho. Lakini ndilo linaloizima kompyuta. Inapumulia chini na nyuma, na sweta limeziba. Nililijua jana nikaogopa kukuambia. Naomba ulitoe, mama."

Mama akalinyooshea kidole. "Sweta hili?"

"Ndiyo, mama. Fundi hakuiba kitu."

Mama akanigeukia polepole. Aliuliza kwa sauti ambayo hata bila mtandao wangeisikia. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua jana, mama."

"Jana si ulisema umekosea wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mawe!" akasema mama, kwa mshangao wa kikwetu.

"Samahani," mwanamume mmoja akauliza kutoka kwenye laptopu, "hapo mko wangapi?"

Mama akainuka, akalivuta sweta kwa mikono miwili, akalikunja mara nne na kulipakata. Akainama mbele ya kamera, miwani yake ikajaza kioo chote. "Tupo watatu," akawaambia. "Mimi ni mama yake. Nimeelewa, na heshima yangu ipo. Mwulizeni mengine." Nilisikia kicheko kule, kisha feni ikatulia kidogo kidogo, na usaili ukaenda saa nzima na dakika tano. Wiki chache baadaye Kemilembe alipata kazi, na nasikia swali lile halikuhitaji kujadiliwa.

Siku ile usaili ulipokwisha, mama aliniwekea chakula. Tulikula. Mwisho akaniuliza, "Nimekutangaza mwizi mpaka kanisani kwako. Ulikuwa na dawa mdomoni. Kwa nini hukusema?" Nikamwambia ukweli, kwamba nilimwogopa. Akaniongezea ndizi.

Jumapili iliyofuata alikuja kwetu Nyakahanga kwa bodaboda, safari yote ile, na wakati wa matangazo akamwomba mchungaji dakika moja. Alisimama mbele amejifunga kitenge kipya. Nilitamani benchi linimeze. "Mimi ndiye niliyesema Fundi Rwiza ni mwizi," akasema. "Nilisema sokoni, nikasema kwa bodaboda, nikasema hapo nje. Sokoni na kwa bodaboda nimeshapita, nimebakiza hapa. Huyu mtu hakuiba kitu chochote. Mpelekeeni vyombo vyenu bila wasiwasi. Si mwizi, ni mwoga tu."

Kanisa zima likacheka, mchungaji naye akajificha nyuma ya kitabu. Mke wangu, aliyekaa ubavuni kwangu na aliyeishi nami miaka thelathini na zaidi, akaitikia amina kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo hata siku ya Pasaka.